Gundi Bila Mrututu

Nilimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Chuo changu cha Kurani na shule ya serikali vimegawana ukuta mmoja hapa Mji wa Kale, ukuta wa mawe na chokaa, mnene hata mtu aweza kulala juu yake asianguke. Ukuta huo huzuia joto na huzuia kelele za pikipiki. Sauti yake haukuiweza. Watoto wangu wadogo wa asubuhi wakianza tu kusoma, nasikia upande wa pili: "Nani kasema? Haya! Na aliyekataa alisemaje?" Basi hapo watoto wangu hunyamaza, vidole viko juu ya herufi, masikio yako ukutani.

Nilivumilia kwa muda mrefu, kisha siku moja nikavaa kanzu safi nikaenda kulalamika. Nikamkuta mwanamke mfupi, msalaba mdogo shingoni, miwani imefungwa uzi, na mwavuli mkononi, ingawa alikuwa ndani ya darasa na nje hapakuwa na wingu. Nikamsabahi, nikamweleza kwa upole kwamba sauti yake inawatoa watoto wangu katika masomo.

"Maalim," akaniambia, "watoto wako wanasoma kwa sauti tangu nije shule hii. Wangu sasa wanaijua Alhamdu yote kwa moyo, na nusu yao ni watu wa kanisani. Mimi nimekuja kwako kulalamika?"

Nilirudi chuoni nikicheka peke yangu. Tangu siku hiyo yeye huniita Maalim, nami humwita Mwalimu, na hivyo ndivyo nitakavyomwita hapa. Jina analo, na ukoo anao, na vyote viwili ni vizuri, lakini habari zake hazikuanzia huko. Zilianzia kwenye yale maswali yake mawili.

Alikuwa mwalimu wa historia na uraia. Maswali yale aliyafundisha darasani, kisha akatoka nayo akaenda nayo sokoni, kanisani, hospitalini na kwenye harusi za watu. Niliwahi kuwa nyuma yake kwa muuza samaki.

"Changu huyu ni wa asubuhi ya leo, mama."

"Nani kasema?"

"Mimi nasema."

"Na samaki anasemaje?"

Akamwinua changu, akamtazama macho, akamrudisha taratibu kama mtu anayemrudisha mgonjwa kitandani. "Huyu ananiambia yuko hapa tangu juzi. Sasa nimsadiki nani, wewe uliye hai au yeye aliyekufa?" Watu walicheka, na muuza samaki mwenyewe alicheka, akamtolea mwingine kutoka chini ya barafu.

Mwavuli wake lazima niueleze, kwa kuwa wageni waliuliza sana. Aliutumia kuonyesha ramani, kunyamazisha darasa, kusimamisha tuktuk na kusukuma milango. Hakuufungua. Mvua ikinyesha alikimbia akiwa ameukumbatia, na ukimwuliza alijibu, "Utaloa, Maalim." Nilipomwuliza kama basi ni wa jua, akasema, "Ni wa watu." Niliacha kuuliza.

Darasani kwake kila kitu kilipigiwa kura. Walipiga kura ndoo ya maji ikae wapi, dirisha gani lifunguliwe, nani afute ubao. Walioshindwa walipewa nafasi ya kusimama na kusema kwa nini bado wanaona wao ndio sawa, na walioshinda walilazimika kusikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Hiyo sehemu ya pili ndiyo aliyoipenda zaidi. Niliwahi kusikia, kupitia ukuta, mtoto mmoja akitetea kwa uchungu kwamba ndoo ikae karibu na mlango. Alieleza habari za ndoo hata mimi nikakaribia kulia, na watoto wangu wakaniomba ruhusa nao wapige kura.

Nyumbani kwake Bondeni mambo yalikuwa mengine kabisa. Mumewe alikuwa akiendesha winchi bandarini, na alipopatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalegea lakini ulimi ukabaki mzima, tena mkali. Siku moja nilimkuta amekaa kibarazani, nikamwuliza kama hapo nyumbani pia wanapiga kura.

"Maalim, demokrasia iko shuleni," akasema. "Hapa tuko chini ya sultani."

"Ninasikia!" ikatoka sauti ndani.

"Sultani anasikia," akasema mumewe, akanikonyeza.

Na ilikuwa kweli. Yeye aliyewafundisha watoto wa watu wasikubali kufichwa neno, nyumbani alizima redio timu yake ilipoanza kufungwa, na alimpiga marufuku kila mtu kumweleza mwisho wa tamthilia yoyote ya televisheni. Nilimtania kwamba hapo yeye mwenyewe ni ofisi ya kuzuia habari. Akafikiri kidogo, akasema, "Kweli. Lakini mimi najizuia nafsi yangu. Sijamzuia jirani." Kisha akarudi kuizima redio.

Nami ninamshukuru Mola kwa jirani kama huyo, ukiondoa futari yake. Kila Ramadhani alituletea bakuli, amelifunika kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Vilikuwa viazi vya nazi, nadhani. Mke wangu alipokea kwa shukrani, akaonja kwa adabu, na akawapa paka. Paka wa Mji wa Kale hula kila kitu. Hicho walikizunguka, wakakinusa, wakaenda zao.

*

Sasa nifike kwenye kitabu.

Kitabu cha historia na uraia cha darasa lake kilikuwa na sura ya mwisho iliyoeleza habari ya mji mmoja, bila kuutaja jina, uliokuwa na uwanja wa watoto kuchezea. Mkubwa mmoja wa mji ule, naye hakutajwa jina, akauzungushia uwanja ukuta. Wakazi wakauliza, wakajibiwa vibaya. Wakaandika barua, wakaitana, wakaenda mahakamani. Ukurasa wa mwisho kabisa ulieleza mahakama iliamua nini. Ni habari fupi ya kuwafunza watoto kwamba raia anaweza kuuliza, na akiuliza kuna milango ya kubisha.

Mwandishi hakumtaja mtu, lakini mheshimiwa wetu mmoja wa siasa alikisoma akajitambua. Alikuwa na ukuta wake, na ndani ya ukuta palikuwa na uwanja ambao wazee wa rika langu tuliuchezea mpira. Uchaguzi ulikuwa umekaribia. Haukupita muda, shule ikaletewa barua ya ofisi ya elimu: sura ile inaweza kuleta hisia zisizofaa kwa wanafunzi, basi isifundishwe mpaka itakapotolewa taarifa nyingine, na kurasa zake zifungwe kwa gundi. Kuzichana hawakuthubutu kuagiza, kwa kuwa kuchana kitabu cha serikali ni kosa.

Mwalimu mkuu, mtu mwema mwenye shinikizo la damu, alimpa Mwalimu kazi hiyo. Gundi ya dukani haikuwepo wala haikuagizwa, basi akaambiwa apike ya unga.

Alasiri hiyo akaja chuoni kwangu. Watu wote wa mtaa wanajua kwamba mimi huunga misahafu na vitabu vilivyoachana. Ni kazi niliyofundishwa na sheikh wangu, na mpaka leo naifanya kila baada ya sala ya alasiri.

"Maalim, wewe ndiye mjuzi wa gundi. Nifundishe."

Nikamfundisha. Unga wa ngano uchungwe, ukorogwe kwa maji baridi kwanza, kisha uwekwe kwenye moto mdogo bila kuacha kukoroga mpaka uwe laini kama malai ya maziwa. Ukishapoa kidogo, unatia mrututu, zile chembe za buluu ziuzwazo kwenye maduka ya dawa huko Ndia Kuu. Ni sumu, basi usizishike ovyo, na unawe mikono vizuri.

"Mrututu ni wa nini?"

"Wa mende. Ukiutia hawagusi."

"Na usipotiwa?"

"Gundi bila mrututu ni chakula, Mwalimu. Mji huu una unyevu, na mende wetu unawajua. Watakula wao na wajukuu wao, na mvua za mwezi wa tano zikija kurasa zote zitaachana zenyewe."

"Alaa," akasema. Akatazama juu ya rafu, akatazama chini, akazungusha mwavuli wake mara moja. "Ahsante sana, Maalim. Nimekusikia vizuri."

Gundi aliipika nyumbani, mumewe akikoroga kwa mkono wa kushoto, na kurasa zikafungwa moja baada ya nyingine, kwa unadhifu, kingo zimelingana. Hakuna afisa ambaye angeweza kumlaumu. Na darasani aliitii barua neno kwa neno. Alipofika mwisho wa kitabu nilimsikia ukutani: "Hapa pana sura, na imefungwa. Siifundishi. Nauliza tu. Nani kaifunga? Na aliyeiandika alisemaje?"

Kisha palikuwa kimya. Katika miaka yote ya ujirani wetu ule ndio ulikuwa ukimya wa kwanza upande wa pili, na watoto wangu waliusikiliza kwa makini kuliko walivyosikiliza kelele. Baadaye niliambiwa kwamba darasa zima lilikuwa dirishani, wameinua vitabu kwenye jua, wanajaribu kusoma maneno ya pande mbili kwa pamoja. Kitabu hicho kilikuwa na sura nyingine nyingi zilizo wazi, na hakuna mtoto aliyewahi kuzipeleka dirishani.

Mvua zikaja, na mende nao wakaja. Mumewe ndiye aliyenipa habari, akiwa na furaha ya mtu aliyeiona siku aliyoingoja. "Maalim, katika maisha yake yote ya ndoa, hiki ndicho chakula cha kwanza alichopika mke wangu kikaliwa chote."

Kurasa zikaachana. Pembe zilikuwa zimetafunwa, lakini maandishi yalisalimika, na watoto wakasoma. Mambo yangeishia hapo kama mheshimiwa asingealikwa siku ya kutoa zawadi. Alihutubia kuhusu elimu, akasema yeye hupenda sana watoto wanaouliza maswali. Msichana mmoja mwembamba wa darasa la Mwalimu akasimama.

"Mheshimiwa, ule uwanja uliozungushiwa ukuta ni wa nani?"

Mheshimiwa akasema hilo ni swali zuri sana. Kisha akaomba wimbo.

*

Haikuchukua siku nyingi bodi ya shule ikaitwa. Mimi nilikuwa mjumbe, kama mzee wa mtaa. Afisa alitumwa kutoka ofisi hiyo ya elimu, kijana mwenye tai na adabu nzuri, na mbele yake palikuwa na vitabu vimefunguliwa pale pale palipokatazwa.

"Nani alifungua hizi kurasa?"

Mwalimu mkuu akafuta jasho. Mwalimu akasema, "Mende."

"Nani?"

"Mende, bwana afisa. Tazama pembe hizo. Hayo ni meno yao."

"Mende ana meno?"

"Mimi ni mwalimu wa historia. Hilo muulize wa sayansi."

Nilishika ndevu zangu ili nisicheke, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Afisa alikwisha kutuambia kwamba ikithibitika alifanya makusudi, atahamishwa kupelekwa shule ya mbali sana. Nasi sote tulijua kwamba nyumbani kwake kuna mtu asiyeweza kushuka ngazi bila bega lake.

Afisa akanigeukia. "Mzee, naambiwa wewe ndiye uliyemfundisha kupika gundi. Je, alijua kwamba mende wataila?"

Maisha yangu yote nimewaambia watoto kwamba Mola anasikia neno kabla halijafika mdomoni. Uongo sikuwa nao. Na ukweli niliokuwa nao ungemtoa mwanamke huyu nyumbani kwake. Nikasema kimya kimya, "Ya Rabbi, nifungulie." Nikafungua kinywa.

Mwavuli ukainuka kabla yangu. "Usimsumbue Maalim. Aliniambia kwamba gundi hutiwa mrututu, na bila mrututu mende hula. Nilijua. Sikutia."

"Kwa nini hukutia?"

"Barua yenu nimeisoma kwa makini, bwana afisa. Imesema gundi. Mrututu haumo."

Mjumbe mmoja alikohoa kikohozi kirefu kisichokuwa cha mafua. Hata afisa, nilimwona, alitazama meza kwa muda kabla ya kuinua uso. Kisha akatoa karatasi. Alisema hakuna anayetaka kumwumiza mtu. Mwalimu atie sahihi tu kwamba habari ya sura ile si ya kweli, awaambie na wanafunzi hivyo, na jambo litakwisha, ataendelea na historia yake kama kawaida.

Akaivuta karatasi, akaisoma, akavua miwani.

"Nani kasema si kweli?"

"Wakubwa."

"Na aliyeiandika alisemaje?"

Afisa akababaika. "Yeye... hakuulizwa."

"Basi muulizeni. Mkishamuuliza, nileteeni na kalamu." Akairudisha karatasi, bila hasira. "Vitabu ni vya serikali, mmesema nivifunge, nimefunga. Ulimi huu si wa serikali. Siwezi kuwaambia watoto ni uongo jambo ambalo sijui kuwa ni uongo."

Hapo niliomba nafasi ya kusema, nikapewa kwa heshima ya ndevu. Niliwaeleza habari ya sheikh wangu, Mola amrehemu. Alipotufundisha masuala ya dini ambayo wanavyuoni wamehitilafiana, alianza kwa kauli ya yule asiyekubaliana naye. Aliisoma yote, kwa sauti nzuri, akamwombea rehema mwenye kauli, na hoja zake akazipamba kuliko alivyozipamba mwenyewe. Kisha ndipo alisema, "Na sisi twasema hivi." Siku moja tulimwuliza haogopi kwamba tutafuata kauli ile nyingine? Akasema, "Naogopa zaidi mnifuate mimi kwa kuwa hamjui nyingine." Nikawaambia wajumbe, watoto hawa kesho watapewa kura. Mtu aliyelelewa akionyeshwa upande mmoja tu atapigaje kura? Huyo atatia alama pale alipoelekezwa, na atadhani amechagua.

Sijui kama maneno yangu yalisaidia, au lile jambo la mgonjwa, au kile kikohozi. Hakuhamishwa, alhamdulillahi. Lakini historia alinyang'anywa. Mwalimu mkuu akaambiwa ampe somo lisilo na siasa ndani yake, naye kwa kutafuta sana akampa lishe na upishi.

Afisa alipokuwa anafunga mkoba wake aliniita kando. "Mzee, hizi kurasa zitafungwa tena, safari hii vizuri. Wewe ndiye unayejua vipimo. Tusaidie."

"Mwanangu," nikamwambia, "mikono hii imezoea kuunga vitabu vilivyoachana. Kuvifunga haikufundishwa, nami nimezeeka, siwezi tena kujifunza kazi mpya."

Basi wakavikusanya vyote, wakavifungia stoo.

Tulitoka pamoja, mimi na Mwalimu. Jua lilikuwa kali la saa saba. Nilitaraji aniambie kitu cha kuchekesha kuhusu meno ya mende. Badala yake akasimama langoni na, mbele ya macho yangu, akaufungua ule mwavuli, akaushusha mpaka mabegani. Sikumwona uso mpaka tulipofika Bondeni.

*

Upishi wake nao ulinifikia kupitia ukuta, kwanza kwa moshi. Kisha nikasikia: "Chumvi kijiko kimoja? Nani kasema? Na aliyekataa alisemaje?" Walipigia kura chumvi, walipigia kura pilipili, na wali ukaungua huku walioshindwa wakijieleza. Nilimshukuru Mola kwa harufu ile ya kuungua, kwa kuwa ilinijulisha kwamba bado yuko.

Miaka imepita. Amestaafu. Darasa hilo sasa lina kitabu kipya, kizuri, chenye picha za rangi, na sura ile haimo kabisa, hata pa kufunga kwa gundi hapana. Stoo ya shule ilisafishwa, vitabu vya zamani vikauzwa kwa kilo. Na karatasi zinazouzwa kwa kilo katika mji huu huishia mahali pamoja, kwenye mikono ya wauza bajia.

Mwezi uliopita, baada ya alasiri, aliingia chuoni kwangu na mfuko wa plastiki. Amenenepa. Mwavuli ni ule ule.

"Masalkheri, Maalim. Nina kitabu cha kuungwa."

"Kiko wapi?"

Akaumimina mfuko juu ya jamvi langu. Zilikuwa karatasi zenye mafuta, zimekunjwa na kukunjuliwa, nyingine zina madoa ya ukwaju. Nikainua moja kwenye mwanga. Ilikuwa habari ya mji na uwanja.

"Nilinunua bajia siku moja nikasoma karatasi," akasema. "Tangu hapo nanunua kila siku. Daktari amenikataza mafuta, mume wangu ananisaidia daktari asijue. Sura nzima ninayo, isipokuwa ukurasa mmoja."

"Upi?"

"Wa mwisho. Wa hukumu."

Tukaenda pamoja mpaka kwa huyo muuza bajia, Bondeni, karibu na msikiti ninamosalia Ijumaa. Alikuwa mwanamke kijana, kajifunga leso kiunoni, karai linachemka. Asubuhi husoma kule chuo cha ufundi karibu na Buxton, jioni hukaanga. Alipomwona Mwalimu alinyooka kama yuko darasani, nami ndipo nilipomkumbuka. Alikuwa yule msichana mwembamba aliyeuliza swali.

"Mwalimu umerudi! Leo ngapi?"

"Leo sitaki bajia. Nataka ukurasa wa mwisho. Umo katika zile karatasi zako?"

Yule kijana akaangalia karai, akaangalia koleo lake, akaanza kutabasamu.

"Huo haumo tena, Mwalimu. Niliupata mmoja tu, nikauweka kando, simfungii mtu bajia kwa huo. Nimeusoma hata naujua. Kisha mwezi juzi mheshimiwa alipita hapa na watu wake wa kura, na wapiga picha, akataka aonekane anakula kwa wananchi. Akaniambia, binti, nifungie bajia za moto."

"Ukamfungia?" nikamwuliza.

"Nilimfungia, Maalim. Kwa karatasi safi kuliko zote nilizokuwa nazo."

Mwalimu alishika ukingo wa meza. "Akaisoma?"

"Alikula moja mbele ya kamera. Akakunjua achukue ya pili, macho yakaanguka hapo. Akasoma mpaka chini. Bajia zikapoa. Wapiga picha wakamwambia, mheshimiwa, cheka kidogo. Akaikunja karatasi vizuri na mafuta yake, akaitia mfuko wa koti."

Nimemjua Mwalimu muda mrefu, sijapata kumwona akicheka vile. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, uzi ukaizuia kifuani, akajifuta macho kwa kitambaa cha muuza bajia na kujipaka unga uso mzima. Kisha akanunua bajia, kwa furaha, nami nikala mbili. Mola anisamehe, na mke wangu asisome hapa.

Tuliporudi chuoni nikawasha jiko langu dogo. Nilizipangusa karatasi kwa unga wa chaki kupunguza mafuta, nikazipanga, nikazishona kwa uzi. Mahali pa ukurasa uliokosekana nikashona karatasi nyeupe. Akaomba kalamu ya risasi, akaandika juu yake kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Ukurasa huu uko kwa Mheshimiwa. Aulizwe.*

Kisha nikakoroga gundi ya kushikia mgongo wa kitabu. Yeye akainama juu ya bakuli, akinusa.

"Umetia mrututu?"

"Nimetia."

"Nani kasema?"

"Mimi nasema."

"Na mende wanasemaje?"

"Mwalimu," nikamwambia, "hao ni wanafunzi wako. Waulize wewe."